Diski Iliyoanguka

Jumatatu, 8 Septemba

Kak. Kak. Kak. Bado naisikia. Ndivyo diski inavyolia ikiharibika.

Asubuhi niliichomeka diski hiyo ya nakala kwenye seva kama kila Jumatatu, nikaiweka juu ya kabati, waya unaning'inia. Seva imejaa. Kupata nafasi, nikahamisha vipimo vya mashamba ya Nduguti badala ya kunakili. Kwenye seva vikafutika. Kisha nikaivuta seva mbele kwenye reli zake niangalie feni. Diski nimeisahau. Waya ukaivuta, ikaanguka kwenye vigae.

Kwamba haya hayafanywi nilifundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 9 Septemba

Bosi kaulizia ramani za Nduguti. Nikasema diski niliikuta chini. Hakuuliza zaidi. Mimi ndiye niliyeongeza: "Labda wakati wa kufagia."

Maneno manne. Anayefagia ni Mama Zawadi peke yake. Na ni mimi niliyemwomba afagie chumba cha seva kila siku, kwa sababu ya vumbi la upepo huu. Kila asubuhi namwamkia shikamoo. "Marahaba mwanangu," anaitikia, hajawahi kukosa.

Jumatano, 10 Septemba

Mama Zawadi kaambiwa akae nyumbani mpaka Bosi aamue. Wapimaji watarudi Nduguti kupima upya, shamba kwa shamba.

Mmoja wao kasema, "Huo ufagio wa Mama Zawadi tuufunge kwenye trekta, utalima!" Wakacheka.

Nami nikacheka.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama Zawadi kaja ofisini na mfuko wa karanga. Sikumwamkia. Akaanza yeye, mtu wa umri wa mama yangu: "Hujambo mwanangu."

Kaja kuniomba msamaha. Mimi! "Sikumbuki kuigusa, lakini nikishika ufagio mawazo yangu huwa mbali. Labda ni mimi kweli. Wamekugombeza sana?"

Nikasema hapana. Nikapokea karanga.

Jumamosi, 13 Septemba

Karanga ziko mezani. Sili. Nimelala mchana kutwa kama mgonjwa.

Jumatatu, 15 Septemba

Saa mbili asubuhi nilimpa Bosi karatasi. Nimeandika yote: kuhamisha, waya, yale maneno manne. Kaisoma mara mbili. "Ungesema Jumanne," akasema, basi. Kanituma nikamwambie Mama Zawadi arudi kazini kesho.

Nilimkuta uani kwake anapepeta uwele. Nikapiga magoti, nikamwamkia, kisha nikaeleza kabla hajaitikia, nikiogopa nitashindwa. Ungo haukusimama. Nilipomaliza alikuwa bado anapepeta.

"Marahaba," akasema.

Neno "mwanangu" hakuliongeza.

Nimerudi ofisini kwa miguu. Ufunguo wa chumba cha seva nimeurudisha kwa Bosi, na jina langu nimeliandika kwenye orodha ya wanaokwenda Nduguti kupima upya.