Baba Yetu Si Mzuka wa Hoteli

Kangemi,
Nairobi.
8 Juni 2025

Mpendwa kaka Zedekiah,

Hujambo huko Doha? Joto linakutendea vipi, na ule mgongo umepoa? Sisi hapa tu wazima wa mwili. Mvua imegeuza soko la Kangemi kuwa tope tupu, lakini sukuma wiki ya Mama bado inauzika.

Nimesema wa mwili, kwa sababu moyoni nimejaa hasira na sina wa kummwagia ila wewe.

Unajua ninafanya kazi kwa Kamlesh pale River Road, kukata na kukunja karatasi zikitoka kwenye mashine ya kuchapa. Juzi ikaja kazi ya ile hoteli kuukuu ya jangwani Chalbi, ile aliyokuwa Baba akipikia. Nikawa nakunja matangazo yao huku nikisoma. Kaka, wamemfanya Baba mzuka! Eti mpishi Ochola, aliyepotea kwenye dhoruba ya mchanga akimtafuta mgeni, hutembea varandani usiku akigonga milango ya vyumba. Jina lake wameliandika wazi. Na chini yake, kwa herufi nene: anatangatanga kwa sababu hakuzikwa.

Hakuzikwa! Basi matanga yale tulimlilia nani? Mwili haukupatikana, sawa. Lakini nani asiyejua kwamba mtu akipotea hivyo, kwetu Wajaluo huzikwa yago, lile tunda refu la mwituni, badala yake? Kaburi lilichimbwa, jeneza likatengenezwa, na wewe kifungua mimba ndiye uliyeingia ukalilaza yago kwa mikono yako. Baba yuko kijijini Gem, kando ya nyumba yake. Akutukanaye hakuchagulii tusi, najua, lakini kutuambia tulimtupa mzazi wetu jangwani, hilo limenishinda kumeza.

Nilitaka kumficha Mama. Jirani yetu Ivyne akaniwahi, akamwonyesha tangazo lilelile kwenye simu, akidhani atafurahi kuona jina la mumewe. Asubuhi Mama akavaa nguo yake ya kanisani, akaniambia nimpeleke kwenye ofisi yao mjini.

Tulipokewa na meneja mmoja, Mbuthia, kijana wa tabasamu nyingi. "Mathe, hiyo ni story tu ya kuvuta wageni," akasema. "Watalii wanaipenda sana. Kwani inaharibu nini?"

"Inaharibu jina ya mzee wetu," nikamwambia. "Toa hiyo kitu."

Unajua alifanya nini? Akamwuliza Mama kama angekubali kupigwa picha ya tangazo! Mjane wa mzuka! Kaka, Mungu alinishika mkono, la sivyo mkoba wangu ungemshukia kichwani.

Mama ndiye aliyenituliza. Akamtazama yule kijana, akamwuliza polepole, "Tuseme ni ukweli. Hao wageni anawagongea. Sasa mbona mimi hajawahi kunigongea?"

Mbuthia akainamisha macho.

Ameahidi kuliondoa jina, nami simwamini hata kidogo. Kamlesh, Mungu ambariki, amewarudishia kazi yao na kuwaambia watafute mchapishaji mwingine. Lakini shida imeshaingia nyumbani. Siku hizi Mama hafungi mlango, na hapa ni Kangemi! Nikiutia komeo, anaamka kulitoa. Anasema Baba akija asikute pamefungwa.

Nimemwambia mara nyingi kwamba Baba yuko Gem. Yeye hunijibu kwamba mimi nilisimama na wanawake, sikuona ndani ya kaburi. Anataka kusikia kwako. Tafadhali kaka, mpigie simu, usinitumie mimi ujumbe nimpelekee. Mweleze ulivyomlaza.

Msalimie shemeji Lornah na mwanetu Oduor. Mama anawabusu wote. Mungu awatunze ugenini, na atupe usingizi sisi wa huku.

Ni mimi dadako akupendaye, ninayelala nimeegemea mlango,

Maurine