Tarumbeta na Mdomo Uliokufa Ganzi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limekupa nafuu kwa kuwa baridi imepungua. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu sana na anauliza kama kile kitambaa kilitosha gauni.

Kaka alishakueleza jinsi nilivyoamka asubuhi uso umelala upande mmoja. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu, utarudi wenyewe ukitaka. Jicho limerudi, sasa linafumba. Mdomo haujataka. Nikinywa chai naiona shatini kabla sijaihisi. Watoto walicheka mwanzoni, nami nikawaacha wacheke.

Kiongozi wa bendi aliniambia kiti changu kitanisubiri mpaka niweze kupiga tena. Basi nikaanza upya kama mtoto. Aliyenifundisha ni Mchwa, binti wa fundi saa, ambaye mwanzo nilimfundisha mimi. Tulimpa jina hilo kwa kuwa akianza kitu hukitafuna kidogo kidogo mpaka kiishe.

Siku ya kwanza nilifanya kosa letu wapiga tarumbeta: sauti ikigoma, tunaikandamiza tarumbeta mdomoni. Nikakandamiza hadi nikatokwa na damu, wala sikujua, kwa ile ganzi. Mchwa akaninyang'anya tarumbeta, akaniachia kile kikombe chake kidogo cha kupulizia. Akasema nipulize sauti moja tu, kisha niipumzishe midomo kwa muda uleule niliopuliza, ndipo nirudie. Nyimbo ninazozijua nisiziguse, maana hapo nitakuwa najifurahisha, sijifunzi. Na nikianza kuona raha niache papo hapo, nisingoje kuchoka, ili kesho nirudi na hamu. Nilimwambia kuhusu hiyo raha asiwe na wasiwasi. Maneno yale yote alikuwa ameyasikia kwangu.

Tangu hapo kila asubuhi, nikishapiga mswaki, nageuza ndoo bafuni, nakaa juu yake mbele ya kioo na kupuliza. Mke wangu anasema sauti hiyo ni ya ndama aliyepotezana na mamaye. Haba na haba hujaza kibaba, lakini changu nadhani kimetoboka. Sina huzuni, Mama, wala hasira. Ningependa hata kukasirika kidogo. Napuliza tu, napumzika, napuliza.

Sasa nijibu lile uliloniandikia. Unasema uliisikia bendi yetu redioni, ukaitambua tarumbeta yangu wimbo ulipofika katikati, ukawaita majirani, ukalia, ukamshukuru Mungu kwamba nimepona. Mama, hakuwa mimi. Alikuwa Mchwa. Ulidhani ni mimi kwa sababu anavuta pumzi pale ninapovuta mimi, na sauti ya mwisho anaichelewesha kama mimi. Nilimzoeza hivyo miaka mingi, sikumpa nafasi ya kuzoea vingine.

Ni mimi niliyemwendea kiongozi nikamwambia asiningoje, kiti ampe yeye. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba kilichobaki hakirudi. Siku ile bendi iliporushwa redioni, nilikuwepo ukumbini walipopigia, safu ya nyuma. Wimbo ulipofika pale ulipolia wewe, nilijua kwamba ni pazuri. Kujua tu. Sikuhisi kitu. Watu walipopiga makofi, nami nikapiga.

Bado napuliza kila asubuhi. Mke wangu aliniuliza ya nini sasa, nikamwambia sijui nifanye nini kingine saa hiyo.

Nisalimie shangazi na wote wa hapo nyumbani. Majirani waache na furaha yao, usiwaambie. Na ukimsikia tena yule binti redioni, mlilie vilevile, Mama. Mimi nimejaribu, nimeshindwa.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba wako