Vidonge vya Magoti

4 Machi

Mama, shikamoo. Leo ni mwaka na miezi mitatu tangu niondoke. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanisumbua. Wewe na magoti yako mnaendeleaje?

Nakutumia kikopo cha vidonge vya maumivu kwa dereva wetu. Hapa tunapandisha matofali ghorofani, na bila vidonge hivi hakuna anayefika juu. Mwenzangu tunayemwita Winchi anavitafuna kama karanga. Meza viwili kila asubuhi kabla ya kula. Ndivyo tufanyavyo sisi, maana ukipanda ngazi umeshiba unatapika.

Mwanao.

2 Mei

Marahaba, mwanangu. Kisimani sasa naenda bila fimbo. Majirani wananiuliza kama nimepata mume.

Tumbo ndilo linaniwaka, na choo kimekuwa cheusi kama lami. Nadhani ni mboga. Jirani yetu mshonaji kaniambia nile kwanza ndipo nimeze. Nikamwambia, "Mwanangu kasema kabla ya kula. Wewe umesema kama nani?"

Vinakaribia kuisha. Nitumie vingine.

Mama yako.

19 Juni

Mama, shikamoo. Barua yako ililala ofisini kwa msimamizi, nimepewa leo.

Usimeze tena hata kimoja. Juzi Winchi alitapika damu kwenye ngazi. Amelazwa, hali yake si nzuri. Nesi alipotuuliza tunavimezaje, tukamwambia. Akasema vinachubua tumbo, hasa likiwa tupu, na si vya kumeza kila siku bila daktari kujua. Akasema choo cheusi ni damu inayovuja ndani. Nikashukuru kimoyomoyo kwamba mimi sina. Leo ndio nimesoma yako.

Si mboga, mama. Nenda hospitali sasa hivi, usingoje tumbo litulie. Beba na kikopo wakione. Mshonaji akusindikize, na umwambie alisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea.

Mwanao.

11 Julai

Mama, shikamoo. Ile ya mwezi uliopita hujaiitikia.

Winchi tulimzika jana. Dereva amerudi kutoka huko kwetu, nikamuuliza habari zako. Alisema alikuta mlango umefungwa, fimbo yako imeegemezwa nje. Nimeshika hilo la fimbo: labda umetoka tu, unatembea bila hiyo.

Msimamizi amenikatalia ruhusa, nami naondoka hivyo hivyo. Usihangaike kupika. Nafika Jumamosi.

Mwanao.