Ufafanuzi wa Valizi ya Mama

Jumatano, tarehe 11 mwezi wa sita
Shirika, wakristo wa jirani zetu, imesali kwetu tena, hapa Nyawera. Viti vya kuazima, chai, jasho. Kama kawaida: Injili inasomwa, kisha kila mutu anarudilia mara tatu kipande kilichomugusa. Leo ni pale Yesu anatuma mitume, anawakataza kubeba kitu cha njiani. Mama amekirudilia kwa sauti kubwa. Nilifurahi. Mupumbavu mimi.

Alhamisi, tarehe 12
Jumamosi Mama anaenda Luvungi kwa dada yake, mwezi muzima. Leo nimemukuta anatoa vitu ndani ya valizi. Kitenge kimoja na rozari, basi. Dawa zake za sukari amezirudisha kabatini.
"Neno limeisha kunigusa, Faida. Sibebi kitu."
Mwaka jana aliacha dawa siku chache tu, akaanguka hapa sebuleni. Na kule? Dada yake muzee kumupita. Nani atamukimbiza hospitali? Nimepiga kelele. Yeye pia. Kila mutu amekula peke yake.

Ijumaa, tarehe 13
Usingizi hakuna. Mbele ya kuingia shuleni kufundisha, nimepita kwa padiri. Nilitaka amukataze tu kuacha dawa. Amekataa. Amesema kurudilia neno ni sala nzuri, lakini bila ufafanuzi haitoshi. Mimi nilidhani ufafanuzi ni mahubiri, kazi yake. Hapana. Kufafanua ni kuuliza nani anasema, anaambia nani, kwa safari gani, kisha kusoma mpaka mbele.
"Asome ile Injili mpaka mwisho. Na wewe mwalimu, unyamaze."
Kunyamaza! Mimi!
Nilipotoka shuleni, nimemupa Mama Biblia na miwani, nikamwambia padiri ameomba amalize kitabu. Nikaenda kufua.

Ijumaa, jioni
Amesoma polepole, na kidole. Chakula kimepoa. Karibu na mwisho, ameniita. Ile karamu ya mwisho, Yesu anauliza mitume kama walikosa kitu siku ile aliwatuma. Wanasema hapana. Basi anawaambia sasa mwenye mufuko aubebe.
Mama ametoa miwani.
"Kumbe ile ilikuwa ya safari ile."
Nikasema ndiyo, Mama. Sikuongeza neno. Nimelia jikoni, kwa furaha.

Jumamosi, tarehe 14
Valizi imekataa kufunga. Dawa juu kabisa, blanketi, samaki sambaza kavu, hata sufuria! Mutu wa moto, yule wa pikipiki, amelalamika uzito. Mama amemujibu eti ni amri ya Bwana. Tumecheka mpaka kwenye gari.

Jumapili, tarehe 15
Mama amenipigia simu baada ya misa. Amelala vizuri. Amekunywa dawa asubuhi, bila kuulizwa.
Nimepangusa kabati. Pale dawa zinakaa, pako wazi. Nimepaacha hivyo.