Rashidi Asishike Gongo Mpaka Nije

Mombasa, 9 Machi 1956

Kwa mke wangu Mwanaidi,

Leo ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu basi linivushe mpaka wa Horohoro nikakuacha Tanga, kwetu Mabawa, na mama yangu mgonjwa wa miguu. Mimi mzima, ila kazi ya bandarini imenichosha, na bega la kulia halinipi usingizi. Nawe hali yako je? Mama miguu imepungua kuvimba?

Na wewe Rashidi, marahaba, maana najua ndiwe unayesoma hapa na mama yako anasikiliza. Soma yote, usiruke mstari wala usimeze maneno. Ukimaliza, mama yako atampelekea mjomba wako Bakari barua hii aisome mara ya pili.

Mwanaidi, nina sababu ya kusema hivyo. Barua yako ya mwisho ilikuwa kwa mkono wa Rashidi, nayo ilisema, "Mpira umemgusa Rashidi kichwani kidogo, sasa hajambo." Nikashukuru Mungu. Halafu Bakari akaja huku kutafuta vipuri vya baiskeli, tukala pamoja, nikamwuliza habari za hicho kidogo. Akaacha kutafuna.

"Kidogo? Shemeji, mtoto alianguka kama gunia. Alitapika mpaka magharibi, naye hakumtambua dada, akawa anamwita kwa jina la bibi yake."

Mchezo wenyewe sijauona, Bakari ndiye aliyenieleza. Yule fundi Mmarekani wa mashine za mkonge huwakusanya vijana uwanjani jioni. Mmoja hurusha mpira mgumu kwa nguvu zake zote, na mwenzake husimama na gongo aupige. Mpira ukipotoka, kichwa ndicho kinachoupokea. Fundi anayo kofia moja ya kukinga kichwa, lakini ni ya mtu mzima. Rashidi akiivaa humfunika macho, kwa hiyo siku ile aliivua. Tena kuna mashindano kabla ya Ramadhani, naye alimtuma Bakari aniambie: baba anitafutie kofia, nicheze.

Nilitaka kukataa. Lakini namjua mwanangu, nikimkatalia atacheza kichwa wazi. Basi nikaanza kutafuta.

Kwanza niliona kofia nyeupe ya jua, ile wanayovaa mabwana shauri. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea. Nikamrudishia mwenyewe. Kisha nikapata ya chuma, ya askari wa vitani, nikafurahi sana. Ndani ilikuwa tupu, nami nikaitia ngata yangu ninayobebea magunia. Nilidhani kitambaa kinachonisaidia na mzigo kitasaidia na mpira. Nikaenda kumwonyesha Mzee Kombo, mwenzangu wa kazi, aliyepigana Burma.

"Hii sufuria," akasema. "Utumbo wake uko wapi?"

"Utumbo gani, mzee?"

"Mikanda ya ndani! Kofia haitakiwi kukikalia kichwa, inatakiwa ining'inie juu yake. Hii ikipigwa, chuma na ngata yako na fuvu ni kitu kimoja. Kapikie wali, Hamadi."

Watu wakacheka. Mimi nikakasirika, nikasema tujaribu. Tukaifunika juu ya nazi iliyofuliwa, pamoja na ngata yake, na Mzee Kombo akaipiga kwa jiwe la ukubwa wa mpira. Kofia haikupata hata alama. Tulipoiinua, maji ya nazi yalikuwa yakitiririka sakafuni. Hakuna aliyecheka tena. Mke wangu, niliyatazama maji yale mpaka yakakauka.

Baada ya hapo nikapata kofia ya kweli kwa baharia mmoja Mgiriki. Nyepesi, ngumu, ndani ina mikanda ya kukaza na kulegeza, na kamba ya kidevuni haifunguki ovyo. Nilibadilishana naye kwa ule mkeka ulionisukia. Nisamehe. Nikataka kuijaribu kwa nazi, Mzee Kombo akanishika mkono: "Kofia njema haijaribiwi. Ihifadhi." Lakini kambini kwetu hata sabuni inaibwa, kwa hiyo nikawa naivaa kazini nikingoja mtu wa kumpa aje nayo Tanga.

Juma lililopita ndoano ya winchi ilipotoka, ikanipiga juu ya sikio. Nilianguka kati ya magunia. Nilipoinuka watu wamenizunguka, mmoja ameshaanza kunisomea Yasini. Nikapapasa kichwa changu, kizima, hata damu hakuna. Nikaitazama kofia. Ina ufa mwembamba kama unywele.

Nitasema kweli. Rangi iko tele hapa bandarini. Ningeupaka ule ufa, nikaifunga kofia kwenye karatasi, na Rashidi angecheza mashindano yake asijue kitu. Nilikwisha kuishika brashi. Mzee Kombo akasema, "Kofia hufa badala ya mtu. Hiyo imekufa kwa ajili yako. Unataka ife tena kwa ajili ya mtoto?" Nikaiweka brashi chini.

Kwa hiyo, Rashidi, hapa usipunguze sauti: kofia hakuna. Mashindano yatapita bila wewe. Uwanjani nenda ukatazame, lakini gongo usilishike, na kichwa kikikuuma hata kidogo mwambie mama yako siku hiyo hiyo, usifiche. Umefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu hufungwa gango likapona. Nazi ile hatukuwa na la kuifunga.

Mwanaidi, chukua uzi, uzungushe kichwa chake juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio, ukate, umpe Bakari aniletee. Pima kwa mkono wako, maana yeye atataka aonekane mkubwa. Natafuta nyingine yenye mikanda, isiyolegea ikamziba macho wala kumbana akaivua, na nitaishonea ngozi pembeni ikinge panja na masikio.

Mpe mama shikamoo yangu, asiache kunyoosha miguu. Msalimie shemeji Bakari, mwambie asante kwa kuacha kutafuna. Msalimie jirani yetu muuza mihogo, na mwalimu wa Rashidi wa chuo cha Kurani. Yule fundi mwambieni kwa adabu kwamba baba mtu hajakataza mchezo, amekataza kichwa wazi.

Kazi nimekwisha kuiaga. Mwezi wa Ramadhani ukiandama nitakuwa nimeshuka Mabawa, na kofia au bila kofia. Rashidi, usifute machozi kwa karatasi hii, mjomba wako bado hajaisoma. Nikija nataka nikikute kichwa hicho kama nilivyokiacha.

Ni mimi mumeo, na baba yako,
Hamadi