Mahindi Uliyonipa Siku ya Kuolewa

Mayi,

Leo asubuhi nimehesabu mimea kumi na moja kwenye shamba lako, nikaona ni lazima nikuandikie kabla sijaanza kujitetea. Unanijua. Nikipewa muda kidogo hupata sababu nzuri kwa kila kosa langu.

Nianze na lile la kwanza. Yale mahindi uliyonipa nilipoolewa, tuliyala.

Siku ile wageni walikuwa wameshapanda gari, mimi nimevaa viatu vinavyonibana, ndipo ukaniita jikoni. Ulipanda kigoda, ukanyoosha mkono juu ya mafiga ambako mahindi ya mbegu yalining'inia, yamefungwa kwa maganda yake mwenyewe, meusi kwa moshi. Ukafungua fundo moja. Mahindi kumi na mawili, punje ndogo za zambarau tupu. "Shika, mayi," ukaniambia, maana nawe uliniita mama kama nilivyokuita. "Mimi nilipewa na mama yangu, na yeye akapewa na wake. Ikipotea kuja uombe ingine. Hakuna mtu atakugombeza."

Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu. Binti hupewa mbegu mara moja bila kuomba. Ikiliwa na panya au ikiuawa na jua, anarudi kwa mama yake na kikapu kitupu na kuku mmoja, anaomba, anapewa. Lakini mama hampelekei. Kumpelekea ni kumwaibisha mbele ya wakwe zake, kana kwamba ameshindwa kutunza. Haya yote niliyajua tangu utotoni.

Sasa sikia nilichofanya. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya jeni za mimea, nimeajiriwa kwenye kituo cha utafiti cha Kitale, na nilijiona nimefika. Kule kwa mume wangu, Kiminini, tulipanda mbegu ya dukani, ile nyeupe, inayozaa mahindi marefu kama mkono. Yako nikaiweka kwenye gunia nyuma ya mlango, nikiambiwa na kiburi changu kwamba nitaitazama siku moja. Mama mkwe wangu akaikuta. Yeye ni mtu wa Mkoa wa Kati, familia yao ilihamia Trans-Nzoia zamani, na mahindi yaliyokauka vizuri kwake yana kazi moja. "Hii itatoa githeri tamu," akasema. Nilikuwapo, Mayi. Ningeweza kusema neno. Badala yake nilivuta kiti nikamsaidia kupukuchua, kwa kuwa nilikuwa mgeni katika nyumba ile na niliona aibu kueleza kwamba msomi mzima anatunza mahindi ya moshi. Githeri ile ya mahindi na maharagwe ilinukia moshi wa jikoni kwako. Watu walirudia sahani, na mimi pia.

Kisha ukaanza kuniuliza.

"Mahindi yangu inaendelea aje huko Kiminini?"

"Iko tu sawa, Mama."

"Ndevu ilitoka mapema?"

"Mapema sana."

Kila nilipokuja nyumbani Kamukuywa uliniuliza, hata kabla ya kunipa chai. Nami nilikujibu bila kupepesa jicho. Mara moja nilikuambia hata kwamba ndege walitusumbua mwaka huo.

Swali lako la ndevu nililifahamu kazini, nikiwa nimechelewa. Nilipokuwa mdogo nilikuona ukipita shambani jua likiwaka, una kamba za mgomba mkononi, ukifunga mashina machache. Hukuchagua yale yenye mahindi makubwa. Ulichagua yale ambayo ndevu zilitoka siku zilezile maua ya juu yalipoanza kumwaga vumbi lake, ingawa yalikuwa na kiu. Ulianzia katikati ya shamba, hukuchukua kamwe ya pembeni. Nilidhani ni mazoea tu. Kumbe hindi likikosa maji huchelewesha ndevu, na chavua ikishamwagika hakuna wa kuipokea, hindi linabaki kibogoyo. Jeni zinazosaidia hapo ni nyingi, kila moja ina nguvu kidogo, na huwezi kuinyofoa moja ukasema hii ndiyo. Zinakusanywa kwa kuchagua, mwaka baada ya mwaka. Wewe, mama yako na nyanya yako mlikuwa mmezikusanya muda wote huo, nami nikazipukuchua.

Kosa la pili linaniuma zaidi, kwa sababu hapo siwezi kumsingizia mama mkwe. Nilimletea Wafula mbegu ya dukani. Kaka yangu alitaka mavuno, na mimi nilitaka kumwonyesha elimu yangu. Akaipanda ukingoni mwa shamba lako, wiki ileile uliyopanda yako. Kazini tunatenganisha mashamba, au tunapishanisha majuma ya kupanda, ili upepo usichanganye chavua. Naifanya kazi hiyo kila msimu kwa uangalifu mkubwa. Kwako sikupima hata hatua moja.

Mwaka wa kwanza hakuna kilichoonekana. Rangi ya mahindi yako ina nguvu, iliifunika ile nyeupe. Mwaka uliofuata ulimenya hindi, ukaliweka mapajani, ukanionyesha punje nyeupe zilizotawanyika humo. "Angalia. Watoto wa jirani wameingia kwangu." Ulicheka kidogo. Kisha ukanitazama muda mrefu. "Basi safi imebaki yako tu, ile ya Kiminini."

"Iko, Mama," nikasema.

Hukuamka mwaka uliofuata kupanda.

Mwaka huu mvua ilikuja, ikatudanganya, ikaondoka mahindi yakiwa kiunoni. Kituoni mistari yangu ya majaribio imejikunja majani hata asubuhi. Mkuu wangu ametutuma tutafute mbegu za kienyeji zilizozoea shida. Nimezunguka hadi Moi's Bridge, nimeuliza akina mama sokoni Kamukuywa. Mmoja alinishangaa: "Ile ya rangi? Si tulikula, bana. Kwani wewe si wa Mama Wafula? Yeye ndiye alikuwa nayo." Nikaondoka nikiwa nimeinamisha kichwa.

Ndiyo maana leo nimekuja nyumbani. Sikujua kwamba Wafula bado anapanda ile yako iliyochanganyika, mistari michache kando ya kaburi lako, kila mwaka. Anasema hakuona sawa kuacha pale pakae bure. Mingi imekauka. Lakini mimea kumi na moja majani yake yanajikunja mchana na asubuhi yamefunguka, na ndevu zimeanza kuchungulia pamoja na maua ya juu. Nilipiga magoti kuzitazama. Nikamwambia Wafula ukweli wote, githeri na uongo, nikingoja anitukane.

"Lakini Mama alijua," akasema.

Alisema siku ulipokuja Kiminini mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, ulienda kutembea shambani peke yako. Ulipofika nyumbani ukamwambia: "Nekesa hana ile mbegu. Shamba yote ni nyeupe. Nangojea aje aombe." Akakuuliza mbona usinipelekee tu. Ukamwambia, "Sitamwaibisha mtoto wangu kwa watu." Tangu hapo ukawa unaniuliza. Wakati huo yako ilikuwa bado safi, imejaa juu ya mafiga.

Kila mara ulinifungulia mlango, Mayi, na kila mara nilikuambia iko sawa. Sijui nifanye nini na jambo hili. Nimekaa kwenye kigoda chako, na siwezi kulia vizuri kwa sababu mke wa Wafula anaingia na kutoka.

Nimefunika ile kumi na moja kwa mifuko ya karatasi, juu na kwenye ndevu, ili kila mmoja niuchavushe kwa vumbi lake pekee. Itachukua misimu saba, labda minane, kuchambua kilicho chako na kilicho cha jirani. Huenda vingine vimepotea kabisa. Hata nikifaulu, hayatakuwa yale uliyonifungulia siku ile, na sitadanganya mtu kwamba ndiyo.

Mchana huu nilienda sokoni nikanunua kuku. Mke wa Wafula amemfunga mguu hapa mlangoni. Kikapu nimekitoa kwenye gari, ni kitupu, nimekiweka kando ya kaburi lako, nami nimeinuka kwenye kigoda, nimesimama hapa na viatu vyenye vumbi kama nilivyopaswa kusimama miaka ile yote.

Mayi, ile uliyonipa ilipotea. Naomba ingine.

Ni mimi bintiyo,
Nekesa