Daktari Asiyesomea Udaktari

Nyakabanda, Kigali
14 Mei 2025

Mpendwa mpwa wangu Mucyo,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima huko Liège na baridi imepungua. Ukiugua, tafuta daktari wa kweli. Mimi sijambo, ila magoti. Mama Mkubwa wako Raihana amelazwa hospitali, na ndiyo sababu ya barua hii.

Jumatatu nilikupigia mara sita, hukupokea. Nikakuandikia kwamba ameacha sindano zake za sukari kwa neno lako. Ukajibu, "Tulia mjomba, ulikuwa utani tu." Nimetulia. Kayitesi, jirani yetu, anapanda ndege kesho; karatasi hii atakukabidhi mkononi.

Jumanne ya wiki iliyopita, katika kundi la familia, wewe na binamu yako Sangwa mlibishana juu ya filamu ya wanaanga wanaolala miaka tisini safarini. Sangwa akauliza mwenye sukari atadungwa na nani usingizini. Ukaandika: "Hadungwi. Kongosho likinyimwa sindano wiki moja linaona aibu, linarudi kazini. Mama Mkubwa, jaribu utuambie." Ukaweka na nyuso sita za kucheka.

Hukufikiri ujumbe wako unafikaje huku. Raihana hajui kusoma. Akiwa kwenye cherehani, fundi mwenzake Connie humsomea ya kundi kwa sauti. Connie husoma maneno, nyuso hazisomi. Mzaha wako ulifika dukani bila kicheko hata kimoja, ukawa agizo la daktari.

Maana kwake wewe ni Daktari. Alianza kukuita hivyo ulipokuwa mtoto, ukiwapima wateja wake vifua kwa kibobina cha uzi. Wewe unasoma kompyuta, nami najua. Yeye hajui. Kwa miaka minne ya masomo yako huko ameendelea kukuita Daktari, nawe umeitika, kwa kuwa jina lilikupendeza. Hilo linaniudhi kuliko mzaha wenyewe.

Nikueleze, ingawa hukuuliza. Kongosho lake halitengenezi tena insulini. Bila insulini, sukari hujaa kwenye damu lakini mwili hauwezi kuitumia. Mwili wenye njaa huunguza mafuta yake, na mabaki yake huichachusha damu. Kongosho halina aibu. Siku ya nne Connie alimkuta chini kando ya cherehani, anahema kama aliyekimbia, pumzi inanuka matunda yaliyochacha.

Alipozinduka nilimfafanulia haya yote, taratibu, mara tatu. Akanitazama. "Wewe Usumani ulifundisha vyura," akasema. "Mucyo iko Ulaya." Nimefundisha biolojia miaka thelathini na mmoja.

Anaamini kosa ni lake: ulisema wiki, naye aliweza siku nne. Jumamosi wanamruhusu. Hapa hospitali wauguzi humdunga. Nyumbani atajiamulia, na ameshasema ataanza upya, azimalize siku zako saba. Hatazimaliza.

Kwa hiyo Jumamosi saa nne asubuhi, saa za kwenu na zetu ni zilezile, utampigia, na uso wako auone. Hutacheka. Hutasema mjomba amekutuma. Utamwambia: mimi si daktari, Mama Mkubwa, sijawahi kuwa, jidunge leo, na kesho, na kila siku. Jina litakutoka. Hukulisomea.

Sangwa anakusalimu, amekuja hospitali kila siku, na hajaandika neno kwenye kundi. Connie naye anakusalimu, ingawa nilimlazimisha. Msalimie mchumba wako Kamikazi, yeye hana hatia. Mungu akulinde, akupe na ulimi unaokumbuka ni nani anayeusikiliza.

Jambo la mwisho. Raihana alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba wewe usiambiwe, usije ukadhani udaktari hukuusoma vizuri. Nilimwahidi, na kesho yake nikaivunja ahadi. Usinifanye niwe nimeivunja bure.

Mjomba wako akupendaye, hata leo,

Usumani